Somo: Kumrekodi mtoto mchanga kwa simu ili mtindio wa ubongo ugundulike mapema

Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo, yaani shida ya kujongea inayotokana na ubongo kuumia mapema, hugunduliwa wakiwa wamepita mwaka, baada ya familia kuchoka kusubiri wakae au wasimame. Kusubiri huko si lazima. Jinsi mtoto anavyojongea akiwa na miezi mitatu hadi mitano inaeleza mengi kuhusu ubongo wake, na video ya dakika tatu inamtosha msomaji aliyefunzwa, yaani mtaalamu anayejua kuisoma mijongeo hiyo. Njia hii iliasisiwa na mtafiti wa neva za watoto, Heinz Prechtl, na wenzake. Mwaka 1997 walitoa matokeo ya watoto 130: kati ya 70 waliokuwa na mijongeo ya kawaida, 67 walikua bila tatizo la neva. Kati ya 60 ambao mijongeo yao haikuwa sawa au haikuwepo kabisa, 57 walipata matatizo, na 49 kati ya hao walikuwa na mtindio wa ubongo.

Somo hili la kundi letu la wazazi na wahudumu linawahusu zaidi njiti, watoto waliochelewa kulia walipozaliwa, na waliopata degedege, manjano kali au homa ya uti wa mgongo siku za mwanzo.

Kinachotafutwa

Mtazame mtoto wa wiki 13 aliyelala chali, macho wazi, ametulia. Kifundo cha mkono kinazunguka kidogo, vidole vya mguu vinafunguka, shingo inageuka nusu, bega linainuka na kushuka. Ni mijongeo midogo ya kila upande, isiyofuata mdundo, na mwili mzima unakuwa kama maji ya chai yanapoanza kutokota. Hapa tutaiita vijongeo. Huonekana kuanzia takriban wiki ya 9 hadi ya 20 baada ya tarehe iliyokadiriwa ya kujifungua.

Kurusha miguu si vijongeo. Hapa ndipo wengi hukosea: mtoto anapiga mateke kwa nguvu, nyumba nzima inafurahi, kumbe katikati ya mateke hayo mwili umetulia tuli.

Hatua ya 1: Hesabu umri kwa tarehe ya kadi ya kliniki

Usihesabu kuanzia siku aliyozaliwa. Chukua tarehe iliyokadiriwa ya kujifungua, ongeza wiki 12 hadi 16. Humo ndimo pazuri zaidi. Mfano: mtoto amezaliwa Machi 3, wiki nane kabla ya wakati, na kadi inasema Aprili 28. Arekodiwe kati ya Julai 21 na Agosti 18. Akirekodiwa Juni 2 kwa kuwa "ametimiza wiki 13", kwa hesabu sahihi ana wiki tano tu. Vijongeo havijaanza, na familia itatishwa bure.

Hatua ya 2: Mahali na mavazi

Mkeka au godoro lisilobonyea, na juu yake shuka la rangi moja. Kanga yenye maua na maandishi inaficha vidole. Mvue soksi, glavu na kofia. Abaki na nepi nyembamba au kivazi kisichofunika mikono na miguu. Nepi nene ya kitambaa inazuia nyonga kucheza. Chumba kisiwe na baridi.

Hatua ya 3: Saa ya kurekodi

Awe ameshiba, amecheua, yuko macho na hana usingizi. Ondoa chuchu ya bandia na vitu vya kuchezea. Usimwimbie wala usimwite. Mtoto anayelia, mwenye kwikwi au aliyekazia macho kitu hupunguza vijongeo au huviacha kabisa, na video hiyo haisomeki.

Hatua ya 4: Simu

Simama upande wa miguu, simu ikiwa juu na imeinamishwa, ionyeshe uso, vidole vyote na nyayo zote. Ukiweza, ifunge kwenye kiti au stuli; isininginie juu ya mtoto. Mwanga utoke pembeni. Usivute picha karibu, usiongeze wala kupunguza kasi. Rekodi dakika tatu hadi tano bila kukata. Akilia, acha, mtulize, anza upya.

Hatua ya 5: Kutuma

Ukituma WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa, na mizunguko ya kifundo inageuka ukungu. Itume kama faili. Andika tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kadi na siku ya kurekodi. Tafadhali sana, msiweke video za watoto wenu kwenye kundi hili. Zimfikie msomaji peke yake.

Vijongeo visipoonekana, rekodi tena baada ya wiki moja au mbili. Visipoonekana tena, mtoto apimwe neva na apigwe picha ya ubongo. Ultrasaundi inaweza kupita utosini kabla haujafunga.

Maswali ya wanachama

*Mama Pacha:* Niwarekodi wote wawili pamoja?

Hapana, dada. Kila mmoja peke yake. Wakilala pamoja wanagusana na kutazamana, na mkono wa mmoja unaficha wa mwenzake.

*Muuguzi, zahanati ya kijijini:* Huku hatuna aliyefunzwa kusoma video. Nifanyeje?

Tumia kipimo cha HINE (Hammersmith Infant Neurological Examination), uchunguzi wa neva za mtoto mchanga kwa macho na mikono. Kina vipengele 26, jumla ya alama 78, na hakihitaji mashine. Kwa umri wa miezi mitatu, alama chini ya 57 zinataka rufaa ya haraka. Video rekodi hata hivyo, maana inaweza kusomwa na mtu aliye mbali, ila wiki zikipita hazirudi.

*Baba Neema:* Bibi yake anasema mtoto amekakamaa kwa sababu hakukandwa vizuri.

Ndugu, mwambie bibi kwa heshima kwamba kukanda taratibu hakuna ubaya, lakini ukakamavu huu unatoka kwenye ubongo. Asimnyooshe kwa nguvu. Kinachomsaidia ni kufanya mwenyewe: kunyoosha mkono kufikia kitu, kugeuka, kuinua kichwa akilazwa kifudifudi yuko macho, mara nyingi kwa siku. Fiziotherapia ianze sasa, msisubiri jina la ugonjwa liandikwe.

*Mama Imani:* Wangu ana miezi saba, muda wa video umeshapita. Anatumia mkono wa kulia tu, tunasema ni wa kulia kama baba yake.

Mama Imani, kabla ya mwaka mmoja mtoto hapaswi kuchagua mkono. Anayechagua mapema huenda mkono wa pili haumtii. Mpelekee kitu upande wa kushoto huku umeushika taratibu mkono wa kulia, uone kama ngumi inafunguka. Vyovyote utakavyoona, mpeleke apimwe wiki hii: kuanzia miezi sita, HINE chini ya 73 ni ya kufuatiliwa, na wenye tatizo la upande mmoja wanaweza kupata alama za juu kuliko hizo. Kwa hiyo mweleze daktari habari ya mkono hata kama alama ni nzuri.