Kutengeneza nyumbani pikipiki iliyogonga: pima kwanza, ndipo ufungue

Pikipiki inapogonga kwa mbele, macho hukimbilia taa iliyovunjika, madigadi iliyopasuka na usukani uliopinda, na fedha ya kwanza ya matengenezo huishia huko huko. Vitu hivyo vinapatikana katika kila duka la vipuri na hubadilishwa kwa spana mbili tu. Kinachoamua kama pikipiki itarudi barabarani salama ni mambo matatu yasiyoonekana upesi: gurudumu la mbele liwe bado linafuata la nyuma, shokapu za mbele ziwe zimenyooka, na shingo ya fremu, yaani bomba fupi la mbele ambamo usukani huzungukia, iwe haijasogea. Maelezo haya yanahusu pikipiki za kazi tulizozizoea, za aina ya Boxer au TVS HLX, zenye rimu za spoku na breki ya ngoma mbele, na yameandikwa kwa ajili ya mtu asiye na gereji lakini mwenye uwanja nyuma ya nyumba, kivuli cha mti na majirani wa kuazimana nao vifaa.

Kama katika ajali kuna mtu aliyeumia, au kuna madai ya bima, usifungue hata nati moja mpaka askari wa usalama barabarani awe amekwisha kuikagua pikipiki, kwa sababu ukishaitengeneza umefuta ushahidi, pengine ule ambao ungekusaidia wewe. Baada ya hapo ipige picha pande zote kwa simu, hasa njia zinakopita waya na kebo kuzunguka shingo, maana siku ya kurudishia hutakumbuka kebo ya klachi ilipita mbele au nyuma ya bomba la fremu.

Funga koki ya mafuta, kisha umwage petroli ya tenki katika dumu lenye kifuniko na uliweke mbali na jiko la mkaa. Ondoa waya wa betri, ukianza na ule wa hasi. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa juu ya ardhi ngumu, na ukitaka gurudumu la mbele lining'inie, weka kreti la soda na kipande cha ubao chini ya injini, si chini ya bomba la moshi. Gurudumu la mbele likishatoka uzito wote hulalia nyuma, kwa hiyo ni busara kufunga usukani au fremu kwa kamba kwenye tawi nene la mti ili pikipiki isikuangukie.

Sasa azima vifaa kwa fundi ujenzi: uzi wa kujengea, timazi (uzi wenye uzito nchani wa kupimia wima) na rula ya chuma. Kabla ya kupima, hakikisha kwamba alama za kurekebishia cheni za kushoto na kulia zinalingana, kwa maana gurudumu la nyuma lililokaa upande litakudanganya katika kila kipimo kitakachofuata. Pitisha uzi nyuma ya tairi la nyuma, uuvute mbele pande zote mbili kwa urefu ambao stendi haiuzuii, na ufunge ncha zake kwenye matofali mawili yaliyo mbele ya pikipiki. Sogeza kila tofali ndani polepole mpaka uzi uguse tu ukingo wa mbele wa tairi la nyuma bila kupinda. Nyuzi hizo mbili sasa ndizo mstari wako. Nyoosha gurudumu la mbele katikati yake, kisha upime nafasi iliyopo kati ya uzi na tairi, mbele na nyuma ya tairi hilo, kulia na kushoto.

Tairi la mbele huwa jembamba zaidi, hivyo nafasi lazima iwepo. Kwa pikipiki yenye tairi la inchi 2.75 mbele na inchi 3.00 nyuma, tofauti ya upana ni kama milimita 6, kwa hiyo unatarajia takriban milimita 3 kila upande. Ukipata 3 na 3, shukuru. Ukipata 8 upande mmoja na uzi umegusa tairi upande wa pili, ama shokapu zimepinda kwa pembeni, ama rimu imevutwa upande, ama shingo ya fremu imesogea, na itabidi kuyachunguza moja baada ya jingine. Mimi mara ya kwanza niliruka hatua hii, nikashinda siku nzima nikinyoosha rimu ambayo haikuwa na kosa lolote, kumbe iliyopinda ilikuwa shokapu.

Baada ya uzi, tumia timazi. Simama mbele ya pikipiki, ning'iniza timazi karibu na gurudumu la mbele, kisha nyuma karibu na gurudumu la nyuma. Pikipiki ikiegemea kidogo si neno, alimradi magurudumu yote mawili yaegemee upande mmoja kwa kiasi kilekile. La mbele likilala kulia na la nyuma likasimama wima, kuna msokoto, na msokoto huo uko ama katika shokapu ama katika fremu.

Fremu yenyewe huzungumza kwa rangi. Ondoa tenki, safisha shingo na bomba linaloshuka mbele ya injini kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha utazame kwenye mwanga mkali kuzunguka mahali palipochomelewa. Rangi iliyopasuka kama udongo mkavu, au bomba lenye makunyanzi upande wa chini karibu na shingo, ni dalili kwamba chuma kimejikunja. Tazama pia umbali kati ya tairi la mbele na bomba la moshi: likikaribia kuligusa wakati shokapu ni nzima, basi shingo imerudi nyuma. Hapo kazi ya nyumbani imefika mwisho. Usimwite fundi wa kuchomelea aje na kipande cha nondo, kwa sababu shingo inabeba kila pigo la breki, na katika pikipiki nyingi ndipo ilipogongwa namba ya chesisi, ambayo ikisagwa au kufunikwa itakuletea maswali mengine kabisa. Fremu hiyo inahitaji fundi mwenye meza ya kunyooshea, au ibadilishwe kwa kufuata taratibu za usajili.

Ikiwa fremu ni nzima, tuje kwenye shokapu. Katika maanguko mengi madogo shokapu hazikupinda, zimezunguka tu ndani ya mabano mawili yanayozishika, na ndiyo maana usukani unatazama kushoto huku gurudumu likienda moja kwa moja. Legeza nati ya ekseli, bolti za madigadi na bolti za mabano ya juu na ya chini, bila kuzitoa. Simama mbele, bana tairi kwa magoti, vuta usukani mpaka ulingane na gurudumu, kisha kandamiza shokapu mara kadhaa ili zijikalie zenyewe. Kaza mabano, halafu ekseli, na madigadi mwisho. Ni kazi ya nusu saa isiyohitaji kipuri hata kimoja, na ijaribu kabla ya kukubali kuuziwa shokapu mpya.

Zikikataa kulingana, zitoe. Shokapu iliyopigwa kwa mbele hupinda zaidi chini kidogo ya bano la chini, kwa hiyo futa sehemu hiyo vizuri. Ili kuikagua kwa uhakika inabidi bomba la ndani litolewe peke yake na kuviringishwa juu ya kitu kilichonyooka kweli, na nyumbani hakuna kilichonyooka kuliko kioo kinene cha dirisha kilicholazwa juu ya meza. Viringisha bomba polepole na utazame mwanga unaopita chini yake. Kipimo ni wembe: wembe wa kawaida una unene wa kama milimita 0.1, na kikomo ambacho watengenezaji wengi wameweka kwa bomba la shokapu ni milimita 0.2. Kwa hiyo nyembe mbili zilizopangwa pamoja zikipita chini ya bomba mahali lilipoinuka, bomba hilo halifai tena.

Kuhusu kunyoosha, msimamo wangu ni mkali. Usilipashe moto bomba la shokapu wala kulipiga nyundo. Moto huharibu ugumu wa chuma na kubandua kromu, na kromu iliyobanduka huichana sili, yaani mpira unaozuia oili isitoke, kila shokapu inapocheza, hivyo oili itavuja mpaka siku utakayonunua bomba jipya ulilokuwa ukilikwepa. Ukibadilisha bomba, badilisha na sili zote mbili, na utie oili ya shokapu kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako, ukikipima kwa kikombe cha dawa ya maji ili kulia na kushoto zilingane.

Shokapu zikiwa nje, zungusha bano la chini kwa mkono taratibu. Pigo la mbele huzisukuma gololi za shingo zikaacha mashimo madogo katika vikombe vyake, na utahisi usukani unanasa kidogo ukifika katikati, kana kwamba kuna kituo pale. Huko kunasa hakuondoki kwa grisi. Nunua gololi na vikombe kwa seti, toa vikombe vya zamani kwa tindo ukigonga kila upande kidogo kidogo, ingiza vipya vikiwa vimenyooka, tia grisi ya kutosha, kisha kaza nati ya shingo mpaka usukani uanguke wenyewe kulia na kushoto bila kukwama, na usigonge unapovuta shokapu mbele na nyuma.

Rimu ni kazi ya subira. Funga spoku ya zamani kwenye shokapu kwa mpira wa tyubu, ncha yake ikaribie ukingo wa rimu, zungusha gurudumu na uangalie linakoisogelea ncha hiyo. Mchezo wa hadi milimita 2, wa pembeni au wa juu na chini, unakubalika. Rimu ikivutika kulia, kaza spoku zinazotoka upande wa kushoto wa habu (kitovu cha gurudumu) katika eneo hilo na ulegeze za kulia, robo ya mzunguko kwa kila mara, kisha uzungushe tena. Ukingo uliobonyea kidogo unaweza kurudishwa kwa nyundo ya mbao kama rimu ni ya chuma. Iliyopasuka, au iliyojikunja kiasi kwamba spoku nyingine zimekaza sana na nyingine zinacheza, ni ya kununua upya.

Usukani uliopinda usiunyooshe, badilisha. Mikono ya klachi na breki ya alumini iliyopinda hukatika ghafla ukijaribu kuirudisha, wakati pedali ya breki na ya gia, zikiwa za chuma, hunyooka vizuri zikitolewa kwanza. Usizinyooshe zikiwa bado juu ya pikipiki, kwa kuwa ekseli ya gia inayoingia ndani ya injini itapinda pamoja nazo.

Injini iliyolala upande isipigwe kiki kwanza. Toa plagi, piga kiki mara kumi polepole ili kilichoingia ndani ya silinda kitoke, tazama kiasi cha oili, na uinuse: ikinuka petroli, imwage utie mpya. Ufa mdogo katika kifuniko cha upande huzibwa kwa gundi ya chuma baada ya kutoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, na kusafisha mafuta yote.

Wakati wa kurudishia, sahani ya breki ya mbele, yaani kifuniko cha ngoma kinachoshika viatu vya breki, ina mfereji unaopaswa kuingia katika jino lililo kwenye shokapu. Ukiliacha jino nje, breki ya kwanza utakayoshika itazungusha sahani yote, itakata kebo, na gurudumu linaweza kufunga ghafla. Kukaza kwa kipimo bila spana maalumu kunawezekana kwa mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki: ifunge kwenye spana, sentimita 30 kutoka katikati ya nati, uivute kwa pembe mraba mpaka isome kilo 20, na umepata karibu Nm 59 (Nm, nyutoni-mita, ndicho kipimo cha nguvu ya kukazia). Angalia kitabu kinataka kiasi gani, kisha punguza au uongeze kilo. Mkono wa klachi uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha, na wa breki ya mbele milimita 20 hadi 30, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi ndogo. Washa injini na ugeuze usukani kulia na kushoto mpaka mwisho: ngurumo ikipanda, kebo ya mafuta imebanwa mahali.

Jaribio la kwanza lifanyike uwanjani, kwa mwendo wa mtu anayekimbia, bila abiria, ukiwa umevaa kofia ngumu ambayo haikuwa kichwani siku ya ajali, maana iliyopigwa mara moja haifai tena. Shika breki kidogo, kisha zaidi, ukisikiliza kama usukani unavuta upande au unagonga. Baada ya kilomita 50 rudi kwenye kivuli cha mti ule ule, ukaze tena spoku zilizolegea, bolti za mabano na nati ya shingo, kwa sababu vipuri vipya hujikalia katika siku hizo za mwanzo.