Jinsi ya kufuatilia ukoo wa neno la Kiingereza: tuanze na window

Ukitaka kujua neno ambatano la Kiingereza, yaani lililoungwa kwa maneno mawili, limetoka wapi, achana kwanza na maana yake ya leo, utafute umbo lake kongwe. Wanafunzi wapya huwa nawapa window (dirisha), maana mshono wake hauonekani. Ukilikata kwa kukisia unapata wind, yaani upepo, kisha kipande "ow" kisicho na kichwa wala miguu. Hapo ndipo watu huanza kutunga hadithi. Usitunge, fungua kamusi ya etimolojia, yaani ya asili ya maneno.

Kamusi itakupeleka kwenye Kinorse cha Kale, lugha ya Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia: vindauga. Vindr ni upepo, auga ni jicho. Jicho la upepo! Siyo ushairi huo. Nyumba zao hazikuwa na vioo. Palikuwa na tundu tu la kuingiza hewa na kutoa moshi. (Ukikuta kwenye kamusi hiyo umbo lenye kinyota mbele yake, jua wataalamu wameliunda kwa kulinganisha lugha, halijaonekana limeandikwa popote.)

Sasa waulize majirani. Kideni kina vindue, Kinorwe vindu. Lakini Kijerumani, ndugu wa Kiingereza, kina Fenster, kutoka fenestra la Kilatini. Dalili zote zinaelekea kaskazini, na historia inazikubali: Waviking walivamia Lindisfarne, kisiwa cha kaskazini-mashariki mwa Uingereza, mwaka 793, na baadaye wengi wakalowea mashariki na kaskazini mwa Uingereza.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ndiyo ambayo wengi huiruka: tafuta neno lililofukuzwa. Kiingereza cha Kale kilikuwa na eagþyrel (hiyo þ itamke kama th ya thelathini). Eage ni jicho, þyrel ni tundu. Kumbe Waingereza walikuwa na jicho lao ukutani kabla mgeni hajaleta lake! Eagþyrel limekufa, ila usiharakishe mazishi: þyrel bado limejificha ndani ya nostril, tundu la pua, ambalo zamani liliandikwa nosþyrl. Hata thrill ni wa ukoo huo. Kabla ya kuwa msisimko, lilimaanisha kutoboa.

Zoezi lako la kwanza liwe lord (bwana). Umbo lake la zamani ni hlafweard, na kipande cha mbele ni mkate. Cha nyuma kitafute mwenyewe.