Mtoto anayetapika na kuharisha: mpe ORS kidogo kidogo

Kirusi cha rota, ambacho husababisha sehemu kubwa ya kuharisha kukali kwa watoto wadogo, mara nyingi huanza kwa homa na kutapika, na hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa ya kumnywesha mtoto kwa kuwa kila anachopewa hukirudisha. Usikate tamaa. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza upya kwa kijiko kimoja cha ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini) kila baada ya dakika moja au mbili, kwani tumbo lililochafuka hustahimili kijiko pale linapokataa kikombe. Changanya pakiti nzima kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, usiongeze sukari, na umwage kinachobaki baada ya saa 24.

Aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na anyonyeshwe kama kawaida, tena mara nyingi zaidi. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma mapema. Antibayotiki haziui virusi, kwa hiyo usimpe bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Macho yakididimia, akilia bila machozi, akilegea, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, mpeleke kituo cha afya mara moja, huku ukiendelea kumpa ORS njiani.