Somo: Kukamata uvujaji wa nyumbani kwa sensa ya simtanki

Mto Ruvu ulipopungua Oktoba 2022 na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, akiba ya nyumba ilikuwa kile kilichomo kwenye simtanki. Choo kinachovuja kimyakimya huila akiba hiyo usiku kucha. Mchana huwezi kukiona kwa sababu kila mtu anachota, kwa hiyo tunapima watu wakiwa wamelala.

Vifaa: ubao wa ESP32 (kompyuta ndogo inayosoma sensa), sensa ya umbali JSN-SR04T (hupima kwa mwangwi wa sauti), sensa ya joto DS18B20, resista za kilo-omu 1, 2 na 4.7, na chaja ya simu ya volti 5.

1. Jua sentimita moja ni lita ngapi. Zungushia futikamba tangi, uipitishe palipo laini, si juu ya mikunjo. Zidisha mzingo kwa wenyewe, gawa kwa 12.57. Mzingo wa mita 5.65 unatoa mita za mraba 2.54, yaani kila sentimita ni lita 25 na ushee.

2. Funga sensa kwenye mfuniko, uso ukitazama chini wima, mbali na ukuta na bomba la kuingizia. JSN haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 25 hivi. Tangi likijaa hadi hapo, shusha boya. Usiiweke ndani ya bomba jembamba, itasoma mwangwi wa bomba.

3. Waya. Pini ya Echo ya JSN hutoa volti 5, ESP32 inataka 3.3. Pitisha Echo kwenye resista ya kilo-omu 1 hadi pini ya ESP32, kisha kutoka pini hiyo weka ya 2 kwenda graundi. Ile ya 4.7 inakaa kati ya waya wa data wa DS18B20 na volti 3.3.

4. Programu. Chukua vipimo 15, vipange kwa ukubwa, tumia cha katikati. Wastani haufai: mwangwi mmoja wa uongo unauharibu. Kasi ya sauti ni 331.3 + 0.606 × nyuzi joto za hewa ya tangi (kutoka DS18B20), kwa mita kwa sekunde. Wengi huruka hapa. Hewa ya tangi jeusi ikipanda kutoka nyuzi 28 hadi 45, kwenye umbali wa mita 1 maji "yatapanda" sentimita 3 bila tone kuongezeka, na usiku "yatashuka". Utaita fundi bomba bure.

5. Kipimo cha usiku. Funga koki ya kuingizia (maji ya mgao hupenda kuja usiku), kisha linganisha saa 6 usiku na saa 10 alfajiri. Sentimita 2 ni lita 50 kwa saa nne, kama uniti 9 kwa mwezi. Chini ya sentimita 1 usiamini. Rudia usiku tatu.

6. Msake mhalifu. Tia rangi ya chakula kwenye kitangi cha choo, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, badilisha mpira wa chini.

MASWALI

*Mkuu, yangu asubuhi inaganda kwenye 25, tangi likiwa nusu.*
Matone ya mvuke yametanda usoni mwa sensa. Futa, halafu toboa tundu la hewa kwenye mfuniko na ulizibe kwa kipande cha chandarua, la sivyo utafuga mbu.

*Koki nimefunga lakini maji yanapanda usiku.*
Koki haikazi. Zile za kuzungusha gurudumu hulika ndani, weka yenye tufe la chuma ndani na mkono wa kugeuza (ball valve).

*Nina wapangaji sita, tangi moja. Nitajuaje ni chumba kipi?*
Sensa haijui. Kama kila chumba kina koki yake, funga kimoja kila usiku, ukiwa umewaarifu. Usiku ambao kiwango cha maji hakishuki, uvujaji uko kwenye chumba ulichofunga.

*Na kama hakuna koki za vyumba?*
Basi rangi ya chakula, vyoo vyote sita.