Jina la kifalme limetoka wapi? Namna ya kulifatilia mwenyewe hapa Unguja na Pemba

Hapa kwetu majina ya kifalme yamejaa kila pembe, kuna majumba, bustani, meli, samaki, hadi majani ya kutia kwenye kikuba, kile kishada cha manukato cha wanawake, na watu wengi wakisikia tu sultani au malkia au mwinyi basi wanajitosheleza kuwa ni ya mfalme, khalas. Lakini jina haliji lenyewe, kuna mtu kalitia, na mara nyingi siye huyo mfalme. Ukimjua aliyelitia ndo umeshalijua jina. Mie nafatilia haya mambo kwa mapenzi tu, na ntakwambia navyofanya.

Anza na kitu unachoweza kukishika mkononi, usikimbilie kasri. Mie nilianza na riyali ya bibi yangu mzaa mama. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa chini ya sanduku, pamoja na udi na karatasi za zamani, akanambia ilikuwa kwenye mahari ya bibi yake. Nzito, karibu gramu 28, fedha iliyoanza kuwa nyeusi. Upande mmoja ana mwanamke wa kizungu kavaa ushungi, upande wa pili tai wa vichwa viwili, na ukipitisha kidole ukingoni unahisi herufi zimeinuka. Mwaka umeandikwa 1780. Bibi akisema basi hii ina miaka zaidi ya mia mbili, na hapo ndo pa kuwa makini, mana yule mwanamke ni Maria Theresia, malkia aliyetawala Austria, aliyefariki 1780, na baada ya kufa kwake waliendelea kuzipiga hizo sarafu kwa mwaka uleule 1780 kwasababu wafanyabiashara wa huku Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu walikuwa hawaziamini nyengine. Kwahiyo mwaka kwenye sarafu si mwaka iliyotengenezwa. Karafuu, pembe, vitambaa, vyote vilihesabiwa kwa riyali.

Sasa lisikilize neno lenyewe, riyali. Limetokana na real ya Kihispania, na maana yake ni "ya kifalme". Yani kile kipande cha fedha kina ufalme mara mbili, sura ya malkia mmoja na jina la wafalme wengine kabisa, na sisi tukalitamka kwa mdomo wetu mpaka likawa la kwetu. Ndo mana nasema anza na kitu cha mkononi, unajifunza hapohapo kutenganisha kitu na jina lake.

Ukishazoea hivyo nenda mtaani ukiwa na suali moja tu, nani alilitia hili jina na alikuwa anataka nini. Pale Forodhani kwa mfano. Kila mtu anakwenda jioni kula mishkaki na juisi ya miwa, lakini bustani ile iliitwa Jubilee, ilitengenezwa 1936 kwa jubilei ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960. Jina lile lilitoka juu, la serikali na la sherehe. Na jina lililobaki ni lipi? Forodhani, kwasababu pale ndo palikuwa na forodha, watu wakishusha mizigo. Jina la kazi limelishinda jina la sherehe. Hili utaliona mara nyingi sana, kwahiyo kila ukipata jina la kifalme tafuta na jina la pili lililokuwepo kabla au baada, mana lipo.

Mapinduzi ya 1964 pia yalibadilisha mengi na lazima uyajue haya usije ukachanganyikiwa ukisoma ramani ya zamani. Skuli ya King George VI ikawa Lumumba. Kasri la Beit el Sahel, alimokaa Sultani, likaitwa Jumba la Watu, alafu baadae likawa makumbusho. Kwahiyo mzee akikutajia jina usilolijua usimkatalie, muulize ni kabla ya mapinduzi au baada.

Kuna mtego mmoja wanauingia wengi: nyumba ya mfalme yenye jina lisilo la mfalme. Maruhubi, kasri alilojenga Sultani Barghash miaka ya 1880 mwanzoni likaja kuungua 1899, nguzo zake bado zimesimama kule njia ya Bububu, watu wanadhani Maruhubi ni cheo au mke wa sultani, kumbe jina linasemwa ni la ukoo wa Al Marhubi waliokuwa na shamba lile kabla. Na Beit el Ajaib, ya 1883, nayo ya Barghash, haina jina lake wala cheo chake, ni nyumba ya maajabu, mana ndo iliyokuwa na taa za umeme na lifti watu wakashangaa. Roho iliniuma sana ile Disemba 2020 ilipoporomoka sehemu, na hadi leo nikipita pale naangalia juu.

Upande wa pili kuna majina ambayo ni cheo lakini watu wanayachukulia ni jina la mtu. Mabafu ya Kidichi yalijengwa 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Watembeza wageni wanamwita Shehrazade kama yule wa hadithi za usiku, lakini binti wa huyohuyo Seyyid Said, Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake kamwandika Schesade, na hilo ni shahzade, yani aliyezaliwa na shah, mwana wa mfalme. Ni cheo! Ni kama mtu amwite mtawala wa Dunga "Bwana Mwinyi" akidhani ndo jina alilopewa na mamaake, wakati Mwinyi Mkuu kilikuwa cheo cha watawala wa asili wa Unguja, na wa mwisho wao alifariki 1873.

Ukienda Pemba ndo utapata jina ninalolipenda kuliko yote. Pujini, karibu na Chake Chake, kuna magofu ya ngome ya zamani ya mtawala ambaye jina lake hasa ni Muhammad bin Abdulrahman, lakini nenda kamuulize Mpemba yeyote kuhusu jina hilo, atakutazama tu. Mwambie Mkama Ndume, hapo mutazungumza mpaka magharibi. Kukama ni kumkamua ng'ombe, na huyu akiwakama wanaume. Ngano inasema akiwatumikisha watu kubeba mawe huku wanajiburura kwa makalio, hawaruhusiwi kusimama. Jina hili la kifalme halikutoka ikulu, limetoka kwa waliobeba yale mawe, na limeishi zaidi ya jina alilopewa na wazee wake.

Alafu kuna yale majina ya mbali. Ziwa Victoria limetiwa jina la malkia wa Uingereza na mpelelezi wa Kiingereza Speke 1858, na safari ile, yeye na mwenzake Burton, ilianzia hapahapa Unguja mwaka mmoja kabla, malkia mwenyewe hajawahi kuliona, na wenyewe wa kule walikuwa na Nyanza yao. Kwa samaki ni hivyohivyo. Nguru tunayemkata vipande sokoni Waingereza wamempa jina la mfalme, kingfish, na changu, huyuhuyu wa kukaanga, jamii yake nzima wameipa jina la kaizari, emperor. Mvuvi wa Malindi hana habari na hilo, kwake nguru ni nguru, bei tu. Usiwaandikie watu kuwa "Waswahili wanamwita samaki mfalme", hatumwiti hivyo, andika nani anamwita.

Mrehani je? Jina lake la kitaalamu ni Ocimum basilicum, na hilo neno la pili limetokana na Kigiriki, maana yake la kifalme. Sisi tunautia kwenye kikuba na asmini. Na wazee wakicheza karata barazani sikiliza wanavyoita ree, hiyo ni rei ya Kireno, mfalme, ingawa kwetu imeshakuwa ni ile karata ya kidoto kimoja. Wareno walishaondoka zamani mno lakini kila jioni mfalme wao anapigwa mezani.

Sasa kuhusu kuwauliza wazee, hapa ndo wengi wanaharibu. Usende asubuhi mtu ana shughuli zake. Nenda baada ya laasiri, shikamoo yako, ukae, kahawa inywewe kwanza. Usimuulize "jina hili maana yake nini", mana atatafuta maana akupe ili usiondoke mikono mitupu, ndo hadithi nyingi zilivyozaliwa. Muulize "babu, mlipokuwa wadogo hapa mkiitaje?" na "mamaako akiitaje?" Majibu yanakuja yenyewe. Kisha muulize na mwengine wa mtaa wa pili bila ya kumwambia alichosema wa mwanzo.

Na usitupe ngano kwasababu tu haina ushahidi. Kizimkazi wanasimulia kulikuwa na mfalme Kizi na mwashi wake Kazi. Andika kama ilivyo, andika kuwa ni ngano, kisha ingia msikiti wa Dimbani ukaone maandishi ya Kikufi, mwandiko wa zamani wa Kiarabu, kwenye mihrabu yenye mwaka 500 wa Hijria, ambao ni 1107. Viweke vyote viwili kwenye daftari, ngano ukurasa wa kushoto na jiwe ukurasa wa kulia, na tarehe uliyokwenda.