Kofia Nyekundu anapofika Mwandiga: jinsi ya kutengeneza katuni ya ngano kwa karatasi na simu

Watoto wetu wa Kigoma wanaangalia katuni nyingi za ngano za Ulaya, zenye majumba ya wafalme na theluji kila mahali. Hadithi zenyewe ni tamu, na ndiyo maana zimeishi miaka mingi. Ninachotaka ni uzitengeneze upya hapa hapa, kwa simu uliyo nayo, ili mtoto wa Gungu au Bangwe akiangalia aone njia anayopita kila siku. Tutachukua ile ya msichana wa kofia nyekundu, kwa sababu ina wahusika wachache na maneno yanayorudiwa. Iwe sehemu ya kwanza ya mfululizo wako. Dakika tatu zinatosha.

Hatua ya 1: Soma hadithi ilivyoandikwa

Usianzie kwenye katuni uliyoiona, anzia kwenye maandishi. Charles Perrault aliichapisha Ufaransa mwaka 1697. Kwake, mbwa mwitu anamla msichana na hadithi inaishia hapo, ikifuatiwa na shairi la mafunzo. Jacob na Wilhelm Grimm wakaitoa Ujerumani mwaka 1812, na kwao anakuja mwindaji, anampasua mbwa mwitu tumbo kwa mkasi, msichana na bibi yake wanatoka wazima, kisha tumbo linajazwa mawe makubwa.

Angalia pia kikapu. Kwa Perrault msichana amebeba mkate na siagi, kwa akina Grimm amebeba keki na mvinyo. Kila msimuliaji alitia chakula cha kwao. Nawe una ruhusa hiyo hiyo: watunzi hawa wamekufa zamani na hadithi ni ya wote. Michoro ya kampuni za katuni ina wenyewe, kwa hiyo usinakili sura wala nguo zao.

Sasa andika kwenye daftari mambo ambayo ukiyatoa hadithi inakufa: mtoto anatumwa peke yake, anacheleweshwa njiani, anakuta mtu anayejifanya bibi, anauliza maswali yanayozidi kukaribia meno. Mengine yote unaweza kubadilisha.

Hatua ya 2: Ihamishie nyumbani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiikimbize.

Kofia iwe mtandio mwekundu, maana rangi hiyo itaonekana vizuri mbele ya kijani cha michikichi. Msichana anatoka Kibirizi na kifurushi cha dagaa wakavu na sukari, anampelekea bibi anayeumwa Mwandiga. Mbwa mwitu awe Fisi, ambaye watoto wetu wanamjua kwa ulafi kabla hajafungua mdomo. Kwa akina Grimm msichana anacheleweshwa na maua. Wetu acheleweshwe na chikichi zilizodondoka: Fisi anamwambia, "Mjukuu, zile pale zimeiva, okota ugonge mise ule, bibi haendi popote." (Mise ni kokwa za ndani ya chikichi.) Mwokozi naye awe mkwezi wa michikichi. Yuko juu na panga lake, anaona paa la bibi, anasikia mkoromo usio wa kawaida.

Lakini kubadilisha vitu pekee hakutoshi. Badilisha na namna watu wanavyoishi. Mtoto wa hapa haingii ndani kwa kugonga tu, anapiga hodi. Hawezi kumuuliza bibi habari ya masikio kabla ya shikamoo. Nilipenda sana nilipoona shikamoo inaweza kumfichua Fisi. Anza katuni na bibi wa kweli, siku ambayo ni mzima, kwa sekunde kumi hivi:

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mke mwenzangu! Mume wetu hajambo?"

Kila mtoto anaujua utani huo wa bibi na mjukuu. Sasa ukifika kwenye kitanda chenye Fisi aliyejifunika kitenge:

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mtoto mzuri."

Basi. Usieleze kitu. Watoto watajua kabla ya msichana kujua, na wataanza kumpigia kelele. Baada ya hapo maswali ya masikio, macho, mikono na mdomo yanakuja yakiwa na uzito wake.

Kuhusu tumbo na mawe, ushauri wangu ni usiyaondoe. Mtoto aliyeogopa anahitaji kuona Fisi ameshindwa kabisa. Damu haina haja: tumbo la Fisi likate kwenye karatasi mbili, la juu lifunguke, bibi atoke akijikung'uta kitenge. Mawe yawe ya ufukweni mwa ziwa, ya mviringo.

Hatua ya 3: Rekodi sauti kabla ya picha

Ukianza na picha, midomo haitakubaliana na maneno. Rekodi usiku, chumbani, godoro limesimamishwa ukutani na blanketi mezani ili sauti isirudi. Usirekodi mvua ikinyesha juu ya bati. Sauti ya bibi mwombe bibi wa kweli, na umwache aseme kwa maneno yake.

Mwanzoni msimulizi aseme, "Hadithi, hadithi!", kisha acha sekunde mbili tupu. Watoto watajaza wenyewe: "Hadithi njoo!"

Hatua ya 4: Kata wahusika

Utahitaji karatasi za manila, mkasi, wembe, gundi, vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani, na uzi wa nailoni wa nyavu. Kila mhusika awe na urefu wa karibu kiganja na nusu, na viungo tofauti: kichwa, kiwiliwili, mkono vipande viwili, mguu vipande viwili.

Viungo viunganishwe hivi. Toboa vipande viwili kwa sindano, pitisha uzi, acha ncha fupi kila upande, kisha sogeza njiti ya kiberiti iliyowashwa karibu na ncha. Nailoni inayeyuka na kuwa kishanga kidogo kinachoshika. Kiungo kizuri kinakaa unapokiacha. Kikilegea, choma tena.

Lotte Reiniger alitoa filamu ndefu Ujerumani mwaka 1926 kwa vivuli vya karatasi nyeusi alivyovikata kwa mkasi, na miaka ya 1950 huko Uingereza alitengeneza ngano fupi kwa namna hiyo hiyo. Wahusika wake hawana uso unaoonekana, ila unajua nani ana huzuni kwa jinsi shingo ilivyoinama. Kwa hiyo tumia muda wako kwenye mwili kabla ya macho. Fisi ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo wake unashuka. Mkate hivyo, na hata akiwa chini ya kitenge cha bibi, ule mteremko utamtoa.

Midomo kata sita kwa kila anayesema: A, E, I, O, U, na mmoja uliofungwa kwa ajili ya M, B na P. Kiswahili hakihitaji zaidi.

Hatua ya 5: Meza, simu na taa

Mandhari inalala mezani, juu yake kioo cha dirisha, wahusika wanalala juu ya kioo. Simu inatazama chini kutoka juu, imefungwa imara kwenye ubao unaopita kati ya viti viwili. Taa mbili za aina moja, moja kila upande, zimelazwa pembeni ili kioo kisirudishe mwanga kwenye lenzi. Funga madirisha: wingu likipita tu, katuni inamemeteka. Vaa shati jeusi kwa sababu hiyo hiyo. Simu iwe kwenye hali ya ndege, chaji isipungue, fokasi na mwanga ufungwe visijibadilishe vyenyewe.

Hatua ya 6: Piga picha

Programu ya Stop Motion Studio inatosha kuanzia. Weka picha 12 kwa sekunde. Dakika tatu ni picha 2,160, na hazitakushinda kwa sababu nyingi zinarudiwa. Hatua moja ya kutembea ni picha 6. Tengeneza hatua mbili safi, zirudie huku ukivuta mandhari chini ya kioo. Mtu akiongea, mwili utulie na ubadilishe mdomo peke yake.

Wanaoanza hupenda kila kitu kitembee. Jifunze kusimama. Msichana akishauliza, "Bibi, mbona mdomo wako mkubwa hivyo?", acha picha 18 bila kitu kusogea isipokuwa sikio moja la Fisi. Hapo ndipo chumba kizima kinanyamaza.

Hatua ya 7: Onyesha, kisha rekebisha

Unganisha picha na sauti, hifadhi, kisha kaa na watoto wachache wa mtaani. Usiangalie skrini, waangalie wao. Wakigeuka kuongea na mwenzao, hapo pamerefuka, punguza. Wakimwambia msichana "usiingie!", usiguse hata picha moja.

Ukitaka kuweka katuni kwenye maonyesho ya hadhara au kuiuza, ulizia kwanza taratibu za Bodi ya Filamu.

Wahusika wahifadhi wakiwa wamelala kwenye bahasha, maana utawahitaji. Sehemu ya pili inayofaa Kigoma ni ile ya akina Grimm ya mvuvi na mkewe: samaki anatimiza maombi, na kila ombi likizidi ukubwa maji yanazidi kuchafuka. Samaki wako awe kuhe. Bibi wa sehemu ya kwanza, ukimbadilisha kitenge na kumnyoosha mgongo, ndiye mke wa mvuvi. Kwa ziwa kata karatasi tano, kutoka buluu tulivu hadi nyeusi yenye mawimbi, na uzibadilishe moja moja kila mvuvi anaporudi ufukweni kuomba tena.