Vifaranga wa klauni, wiki ya kwanza ndo kila kitu

Jamani mnaofuga samaki klauni hapa Mtwara, vifaranga vingi vinakufa njaa tu wala sio ugonjwa. Mayai yanakaa kama siku 7 mpaka 10, ukiona vijicho vimeanza kung'aa kama fedha kaa tayari, usiku taa zikizimwa yanaanguliwa. Kile kifaranga kina milimita 3 au 4 hivi, mdomo wake mdogo mno, chakula cha unga hakikiwezi, kinataka rotifa hai, yaani vile vijidudu vidogo mno vya majini, toka siku ya kwanza, kwa hiyo anza kuwakuza hao rotifa wiki mbili kabla, usisubiri mayai yaanguliwe ndo uhangaike. Atemia wachanga, vile vijikamba vidogo sana vya maji chumvi, wape kuanzia siku ya 6 au 7, kidogo kidogo huku rotifa wapo.

Tangi zungushia karatasi nyeusi, taa iwe hafifu, hewa iwe mapovu ya polepole maana ukifungulia sana vinarushwa ukutani. Maji mie nachota Mikindani bahari ikiwa imejaa, sio baada ya mvua, halafu nachuja. Na pampu ya betri muhimu, umeme huu mnaujua. Mkiona kimstari cheupe nyuma ya jicho, kama siku ya 10 hivi, hapo vimevuka.